Chumvi ya Kamati

Mama Biskuti alijitolea siku ya Jumapili bila mwenyewe kujua. Alikuwa amekaa benchi la nyuma, anamfunga binti yake kamba za viatu, aliposikia mama mkwe wake akiwatangazia waumini kwamba biskuti za soko la hisani la sikukuu mwaka huu zitaokwa nyumbani kwao, na kwamba mkwewe amejitolea oveni, gesi na nguvu zake zote. Kanisa likapiga makofi. Watu wa mabenchi ya mbele wakageuka kumtazama kwa upendo, naye, mguu wa mtoto ukiwa bado mapajani, akatabasamu. Mtu akishapigiwa makofi kanisani hawezi tena kusema kwamba hakuwa na habari.

Mama mkwe alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Akina Mama. Nyumbani alikuwa mjane anayelala chumba kimoja na mjukuu wake; kanisani alikuwa mtu ambaye watu husogea akipita. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa tu na tabia ya kutoa, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na kitu, alitoa vya watu wa nyumba yake. Mwaka uliopita alitoa viti vya sebuleni kwa semina ya vijana, na kimoja kilirudi bila mguu. Hadi leo kimeegemezwa ukutani, na mgeni akikiendea anawahiwa.

"Mama," Mama Biskuti alianza walipofika nyumbani, hata kabla hajavua kitambaa cha kichwani, "Jumamosi ndiyo siku anayokuja yule bwana wa kantini kuonja biskuti zangu."

"Najua."

"Na wewe umesema Ijumaa tunaoka za kanisa."

"Za kanisa Ijumaa, na zako Ijumaa. Oveni si ileile? Moto si uleule? Tena huyo bwana mwambieni aje hukohuko sokoni, aonjee huko. Ataona kwamba wewe ni mtu wa watu."

"Mama, gesi yenyewe iliyobaki..."

"Kutoa ni moyo, mwanangu, usambe ni utajiri."

Methali hiyo ilikuwa na kazi moja katika nyumba ile, nayo ni kufunga mazungumzo. Mama Biskuti akaenda kuvua kitambaa.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Mumewe, fundi wa friji, alikuwa ameteleza kwenye ngazi nyumbani kwa mteja akavunjika mkono wa kulia, na friji halitengenezwi kwa mkono wa kushoto. Tangu afungwe plasta, nyumba nzima ilikuwa inakula biskuti, yaani inakula kilicholetwa na biskuti, nacho kilizidi kupungua kwa sababu wenye maduka walianza kupenda zile za kiwandani zenye picha ya mtoto anayecheka kwenye pakiti. Kilichobaki ni kantini ya hospitali. Msimamizi wake alikuwa amemwambia Fundi, kwa maneno machache kama kawaida yake, kwamba akizipenda atazichukua kila siku. Asipozipenda, nyumba ile wangeiacha mwisho wa mwezi, wakajibane kwa kaka yake Fundi, ambaye alishawaambia "karibuni sana" kwa sauti ya mtu anayesema poleni.

*

Ijumaa Mama Biskuti aliamka kabla ya watu wote, akaoka sinia moja la kwake. Zilikuwa biskuti nyembamba, zenye kingo za kahawia na maganda ya limau yaliyokunwa, na alizijua kama mtu anavyowajua wanawe. Zilipopoa alizipanga kwenye kopo la bluu, akalifunika, akaliweka juu ya kabati. Kisha akafunga mlango wa oveni kwa waya wake. Oveni hiyo mumewe aliiunda kwa mabati ya oveni mbili zilizokufa, na mlango wake ulikuwa bado unakumbuka kwamba ulitoka kwenye oveni nyingine.

Kamati ikaingia uani na mabeseni. Alikuwapo Mwalimu, mstaafu, katibu wa Kamati, ambaye hajawahi kutoka kwenye mkutano bila azimio. Alikuwapo Mama Duka, mhazini, na Mama Mchungaji, mlezi wao, na wadada wawili wa kwaya ambao huongea kwa wakati mmoja. Mama mkwe aliwapokea mlangoni kama vile nyumba ni yake na wageni ni wa mkwewe.

Kamati ile ilikuwa na kanuni mbili, na zote zilizaliwa na ugomvi. Ya kwanza ilisema mchango wa mtu haukataliwi, na kila mtu autie kwa mkono wake mwenyewe ili baraka isimpite. Hiyo ilitungwa baada ya sukari ya mama mmoja kurudishwa kwa sababu ya sisimizi. Mama huyo alihamia kanisa jingine na ukoo wake mzima, pamoja na kinanda. Kanuni ya pili ilisema biskuti za kanisa haziguswi mpaka Mchungaji aziombee na kula ya kwanza, kwa kuwa kuna mwaka keki zilionjwaonjwa jikoni hadi zikafika mezani sahani tupu.

Unga uliingia kwenye beseni, sukari ikaingia, siagi ikaingia, kila kitu kwa mikono ya wote. Ikafika zamu ya chumvi.

"Nimekuja na kachumvi kidogo," alisema Mama Duka, akafungua karatasi yake na kumimina.

"Na mimi nilikuwa nimekumbuka hilohilo," alisema Mama Mchungaji, akataja aya inayohusu chumvi, kwa hiyo haikuwezekana kumzuia.

Mwalimu naye alitoa kichupa kwenye mkoba. "Chumvi ndiyo inayoamsha sukari," alieleza. "Watu wengi hawajui."

"Jamani, chumvi imeshaingia," alisema Mama Biskuti.

Kijiko cha Mwalimu kikasimama hewani. "Imeingia kwa mkono wa nani?"

"Wa Mama Duka. Na wa Mama Mchungaji."

"Kwa hiyo mimi ndiye sina mkono?"

Mmoja wa wadada wa kwaya akaguna, na mwenzake akaguna naye. Mama mkwe, aliyeona ule mwaka wa sisimizi ukirudi na kinanda chake, akaingilia kati.

"Mwanangu, hebu kachote maji."

Maji yalikuwa yamejaa ndoo mbili, na kila mtu alikuwa anaziona. Mama Biskuti alichukua ndoo ya tatu akaenda. Aliporudi, wadada wa kwaya walikuwa wanapangusa viganja, mama mkwe anapangusa chake, na Mwalimu anasema, "Penye wengi hapaharibiki jambo."

Aliumia, lakini hakuwa na muda wa kuumia. Alisimama mbele ya oveni mpaka alasiri, anaingiza sinia, anatoa sinia, anafungua waya, anafunga waya, wakati wenzake wakikata biskuti kwa vifuniko vya chupa na kuzungumzia watu ambao hawakuja kujitolea. Alipeleka pua kwenye sinia la kwanza. Harufu ilikuwa nzuri. Chumvi haina harufu, na kuonja ni mwiko, basi akajipa moyo.

Kamati ilipochoka ikaingia sebuleni kupumzika. Mama Biskuti alibaki na masinia ya mwisho, na alipoingia kuulizia chai kama inatosha, alikuta kopo la bluu katikati ya meza, wazi. Ndani yake mlikuwa na chengachenga, na Mama Mchungaji alikuwa anazifuata kwa kidole kilicholowa.

"Hizi ni nzuri ajabu," alisema Mwalimu. "Za duka gani?"

Mama Biskuti alimtazama mama mkwe wake.

"Nilitafuta kitu cha kuwapa wageni na chai," alisema mama mkwe. "Za kanisa haziguswi."

"Mama, zile zilikuwa za kesho. Za yule bwana."

Mkono wa mama mkwe ulipanda wenyewe mpaka mdomoni. Kwa muda mfupi hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Kisha akaona macho ya Kamati yamemwelekea, akaushusha. "Basi utaoka nyingine, mwanangu. Moto si upo?"

Moto ulikuwapo mpaka sinia la mwisho la kanisa lilipoiva. Halafu ukawa wa bluu, ukawa mdogo, ukakohoa mara mbili, na gesi ikaisha.

Mama Biskuti alimfuata Mama Duka mpaka barabarani. Aliona aibu, lakini haja ilizidi aibu. Alimwomba mtungi mmoja, mdogo, atalipa kazi ikipatikana.

"Dada yangu," alisema Mama Duka kwa upole wa kweli, "kanisani mimi ni mhazini, dukani mimi ni muuzaji. Mambo hayo mawili huwa siyachanganyi." Akamshika bega, akamwambia Mungu amzidishie kwa alivyojitoa leo.

Fundi alipoelezwa alijikuna juu ya plasta mahali ambapo mkuno haufiki. Mama mkwe alipita na ufagio.

"Kwani hizi za kanisa si wewe uliyezioka?" alisema bila kuwatazama. "Oveni yako, jasho lako. Ataonja hizi. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali."

*

Ukumbi wa kanisa ulifunguliwa Jumamosi asubuhi. Juu ya meza ya biskuti Mwalimu alikuwa amebandika karatasi kubwa, kwa mwandiko wake wa ubaoni: BISKUTI ZA MAMA BISKUTI. Mama Biskuti alipoiona alisema taratibu kwamba pengine ingefaa kuandika za Kamati.

"Acha unyenyekevu," alisema Mwalimu, akijua kabisa anatoa zawadi kubwa. "Sifa apewe anayestahili."

Mchungaji aliomba sala ndefu kwa ajili ya familia zote zenye uhitaji, ambazo ndizo zingesaidiwa na fedha za siku ile. Kisha akachukua biskuti ya kwanza, akauma, akatafuna mara moja, akatulia. Macho yake yakapanda juu, na waumini wakadhani anashukuru. Akameza kama anavyomeza kidonge, akasema, "Bwana asifiwe," akaomba maji. Mkewe alikula ya pili, naye hakuweza kukunja uso kwa sababu mkono wake ulikuwamo. Kutoka hapo ikawa kazi ya foleni. Kila aliyeonja alijua, na kila aliyejua aliwatazama wenzake wanaotafuna kwa utulivu, akaona labda kasoro iko kwenye ulimi wake, au kwenye imani yake, akanunua pakiti nzima ili asishukiwe. Mtoto mmoja alitema, akafinywa, akazipenda. Meza ya jirani, ya vijana wauza juisi, ambao kila mwaka hurudi nyumbani na madumu yao yamejaa, iliishiwa mapema mno, wakaanza kuuza maji.

Bwana wa kantini alikuja adhuhuri. Alikuwa mtu mwembamba, kalamu nyuma ya sikio, asiyesalimia zaidi ya mara moja. Fundi alimpokea kwa mkono wa kushoto akamleta mezani. Bwana yule akachukua biskuti moja, akaigeuza, akauma, na Mama Biskuti akazitazama taya zake kama mgonjwa anavyomtazama daktari anayesoma picha ya eksirei. Alikwenda meza ya jirani, akanywa gilasi ya maji yote. Akarudi, akala ya pili, kama mtu anayehakikisha alichosikia. Akaenda akanywa tena.

"Hizi ndizo?" aliuliza.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya Mama Biskuti. Kusema kweli kulihitaji maneno mawili tu, na maneno hayo mawili yangemvua nguo mama mkwe wake mbele ya kanisa zima. Mama mkwe alikuwa amesimama kando yake na kitambaa chake kipya, anatabasamu, mkono wake begani kwa mkwewe. Chenga mbili zilikuwa zimemganda mdomoni. Yeye pia alikuwa ameonja.

"Ndizo," alisema Mama Biskuti.

Bwana wa kantini alinunua pakiti moja, akatoka bila kuaga.

Mama Biskuti alilia nyuma ya ukumbi, karibu na matangi ya maji. Fundi alimkuta huko, akakaa naye kwenye tofali.

"Amenunua pakiti," alisema Fundi.

"Amenunua kwa huruma."

"Mtu wa kantini hana huruma, namjua mimi." "Lakini mke wangu, nisikufiche..."

"Najua."

"Upande huu wa ulimi umekufa ganzi."

Mama Biskuti akacheka huku analia, na kucheka huko kukamkasirisha zaidi. Jioni walianza kufunga kwenye maboksi vyombo visivyotumika kila siku. Mama mkwe aliyaona maboksi yale, akayazunguka, na kwa mara ya kwanza tangu waishi naye hakuwa na methali.

*

Jumatano Kamati ilikutana sebuleni kwao kujipongeza. Biskuti zote zilikwisha, jambo ambalo halijawahi kutokea, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake ya kwa nini. Fundi ndiye aliyekuwa anapitisha chai, kikombe kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto. Walikuwa kwenye wimbo wa kufungulia kikao mlango ulipogongwa, akaingia bwana wa kantini na kalamu yake. Mama mkwe akasimama kabla mgeni hajakaribishwa kuketi.

"Bwana, kama ni lawama, mimi ndiye mwenyekiti."

"Si lawama. Zile biskuti niliziweka kaunta Jumatatu, nimezikatakata, watu waonje bure." Akawatazama mmoja mmoja. "Aliyekula kipande alikunywa chai vikombe viwili. Madereva wa gari la wagonjwa ndio usiseme. Mimi biskuti hainipi kitu, akina mama. Chai ndiyo inayonilisha. Sasa nazitaka. Kila siku, asubuhi, na ziwe zilezile. Msinipunguzie kitu. Niongee na nani?"

Mama Biskuti alifungua mdomo.

"Na Kamati," alisema Mwalimu, aliyefungua wa kwake mapema zaidi kwa kuwa ana uzoefu.

"Kamati, mtu, kwangu ni mamoja. Nitamlipa atakayeleta. Nipeni jibu leo." Akasema atasubiri nje, maana hapendi mikutano.

Mlango ulipofungwa, sebule ilijaa furaha. Mama Duka alikuwa tayari anaona sare mpya za Kamati, wadada wa kwaya wakaona spika, Mama Mchungaji akaona mapazia ya ukumbi. Katikati ya mapazia hayo likazuka swali la nani ataoka, na vichwa vyote vikageuka upande mmoja.

"Ndugu yetu hapa ana oveni, na moyo tumeuona," alisema Mwalimu. "Napendekeza ajitolee. Sisi tutakuwa naye kwa maombi."

Katika Kamati ile watu hawakupiga kura kwa mikono. Wanaokubali walisimama, mwenyekiti akaanzisha wimbo, na azimio likapita pamoja na ubeti wa kwanza. Walishasimama wote. Walimgoja mwenyekiti.

Mwenyekiti hakuanza. Alikuwa anatazama ukutani, karibu na kile kiti kisicho na mguu, ambako maboksi yalikuwa yamepangwa na kufungwa kamba. Boksi la juu lilikuwa na vikombe vyake mwenyewe, alivyoolewa navyo.

"Mwenyekiti?" alisema Mwalimu.

"Mkwe wangu aseme mwenyewe," alisema mama mkwe.

Lilikuwa jambo geni. Tangu Kamati iundwe, hakuna aliyewahi kuulizwa kama amejitolea. Mama Biskuti alisimama, akafuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na unga. Alikuwa na hasira, na hasira ikamfanya mpole kupita kiasi.

"Mimi nakubali," alisema. "Tena kwa furaha. Ila yule bwana amesema ziwe zilezile, na zile hazikuwa za mkono mmoja. Kila mtu alitia chumvi yake kwa kiasi chake, sikupima ya mtu. Nikitia peke yangu zitatoka biskuti za kawaida, na kazi itatuponyoka. Kwa hiyo tutakutana hapa uani sote, kila mmoja na chumvi yake. Kantini inafungua asubuhi sana, basi tuwe tumefika kabla jogoo hajawika. Kila siku. Na Jumapili, maana wagonjwa hawana Jumapili." Akamgeukia Mama Duka. "Na gesi utatupa wewe, au nije dukani?"

Wote wakakaa. Mwalimu alikuwa wa kwanza kukumbuka goti lake, ambalo baridi ya alfajiri hulivimbisha. Mama Duka alisema lile jambo la gesi linahitaji kuombewa kwanza. Mama Mchungaji alisema Mchungaji hapendi kuamka akiwa peke yake, akaona alichosema, akanywa chai. Wadada wa kwaya waliongea kwa pamoja na kwa mara ya kwanza wakasema kitu kimoja, kwamba umande unaharibu sauti.

Lakini Mwalimu hakuumbwa kutoka kwenye mkutano bila azimio. Alikohoa, akavua miwani.

"Akina mama, tukumbuke lengo letu. Sisi tupo kwa ajili ya familia zenye uhitaji. Na hapa tulipo, sijui kama mmeona, baba wa nyumba hii ana tatizo la mkono."

Wakageuka wakaiona plasta ya mtu aliyekuwa anawapitishia chai tangu walipoingia. Mama Mchungaji akasema, "Masikini, tangu lini?"

"Naona Kamati iipe familia hii kazi hii," alisema Mwalimu. "Iwe msaada wetu wa sikukuu."

Safari hii mwenyekiti alianzisha wimbo kabla sentensi haijakwisha, kwa sauti iliyowashtua hata kuku wa jirani. Azimio likapita na beti zote nne. Mwalimu alisema msaada haukabidhiwi hewani, akaingia jikoni, akarudi na mwiko wa Mama Biskuti, na Mama Biskuti akakabidhiwa mwiko wake mwenyewe kwa mikono miwili, huku dada mmoja wa kwaya akipiga picha. Picha ya kwanza haikutoka vizuri. Ikabidi aurudishe mwiko, akabidhiwe tena, na aonyeshe furaha zaidi.

Jumapili iliyofuata aliitwa mbele kuishukuru Kamati. Alishukuru. Kanisa likapiga makofi.

*

Siku ya kwanza ya kazi, mtungi ukiwa umejazwa kwa malipo ya awali ya kantini, Mama Biskuti alimkuta mama mkwe ameshaamka, amekaa kwenye kigoda kando ya beseni, na kopo la chumvi mapajani.

"Mama, rudi ulale. Nitakisia."

"Utakisia nini? Chumvi ya wale ilikuwa ya kuonyeshana tu, kila mtu na ncha ya kijiko." Akafungua kopo bila kumtazama. "Mwenye chumvi ni mimi. Nilitia kama wenzangu. Halafu nikasahau kama nimetia, nikatia tena. Halafu nikaona Mwalimu ananitazama, asije akadhani nimepitwa."

"Ukatia ya tatu."

"Kwa konzi."

Mama Biskuti alikaa na unga mikononi. Alitaka kupiga kelele, na alitaka pia kumkumbatia bibi yule mkaidi aliyejifunga kanga mbili kwa baridi, na kwa kuwa hakuweza kuchagua, akamsogezea beseni. Mama mkwe akatia mara moja, akatia mara ya pili, kisha akaingiza konzi yake iliyojaa chumvi kwa makini, akiitazama kama dawa. Tangu siku ile hakukosa hata asubuhi moja, na Kamati ilipokutana alikuwa anatangulia kuondoka, akisema ana kazi.

Hospitali ikanywa chai. Maboksi yakafunguliwa, vikombe vikarudi kabatini, binti akavaa viatu visivyo na kamba, na kaka yake Fundi akapiga simu kusema amefurahi mno kwamba hawaji. Mwalimu alipita mara kwa mara kuangalia msaada wa Kamati unavyoendelea, na hakuondoka bila pakiti.

Siku Fundi alipotolewa plasta, Mama Biskuti alikumbuka kwamba alikuwa hajaoka biskuti zake tangu ile Ijumaa. Akakuna limau, akakanda kidogo, sinia moja la nyumbani tu, nyembamba, zenye kingo za kahawia. Akazipanga kwenye kopo la bluu akaziweka mezani mwenyewe, kifuniko wazi. Mama mkwe ndiye aliyeanza. Alitafuna polepole, macho amefumba, kama mtu anayetaka kutenda haki.

"Ni nzuri," alisema mwishowe. "Ila mwanangu, chumvi umesahau."

Fundi alicheka. Binti alicheka kwa sababu baba yake amecheka. Mama Biskuti alichukua moja, akauma, akaitafuna mpaka ikaisha, akatafuta mle ndani ile ladha aliyoijua kama mtu anavyowajua wanawe. Kilichomuuma ni kwamba mama mkwe alikuwa anasema kweli.